Treni ya mvuke ya bustani ya burudani inapogoma: dalili, sababu na tiba

Malalamiko yanayofika karakana za treni ndogo za mvuke ni yale yale msimu hadi msimu. Injini imekosa nguvu mlimani. Dohani inarusha maji meusi. Honi inakoroma. Abiria ameshuka na madoa ya masizi shatini. Wa kwanza kulaumiwa ni uzee wa mashine, na mara nyingi unasingiziwa. Injini ya Fred Gurley inayofanya kazi Disneyland, California, iliundwa na kiwanda cha Baldwin mwaka 1894, na imekuwa ikivuta mabehewa ya watalii kwa miongo mingi. Chuma kizee huvumilia. Kisichovumilika ni maji machafu, moto uliopangwa vibaya na dereva mwenye haraka.

Kabla ya kushika spana, kumbuka kwamba anachokipenda abiria ndicho kipimo cha fundi. Honi kali isiyotema maji inasema mvuke ni mkavu. Pumzi nne za dohani zinazolingana kila gurudumu linapozunguka mara moja zinasema vali za silinda mbili zimekaa sawa. Moshi mwepesi wa kijivu unasema moto unapata hewa. Treni ikipoteza haiba yake, kuna kitu ndani kimeshaanza kuumwa, hata kama geji zote bado zinapendeza.

Maelezo haya ni ya injini za mvuke wa kweli, zenye silinda mbili, zinazotumia makaa, kuni au mafuta, kwenye reli nyembamba za upana wa milimita 381 hadi 914. Zile zenye umbo la mvuke huku tumboni mna dizeli zina maradhi yao.

Kioo cha maji hakieleweki

Nimeianza dalili hii si kwa sababu inatokea kuliko zote, bali kwa sababu ndiyo inayoua. Boila yenye presha ya bar 10 ina maji yenye joto la nyuzi 184 hivi. Maji hayo hayachemki ovyo kwa sababu yamebanwa. Chuma kikipasuka, sehemu yake hugeuka mvuke papo hapo, na lita moja ya maji ikiwa mvuke kwenye hewa ya kawaida hujaza takriban lita 1,700. Paa la chumba cha moto linaokolewa na maji yaliyo juu yake tu. Yakipungua hadi likabaki wazi, chuma hulainika na presha hukisukuma ndani.

Kioo kizima huwa na maji yanayochezacheza kidogo injini ikitembea. Maji yakitulia tuli wakati treni inatikisika, shuku haya, kwa mpangilio huu:

1. Koki moja ya kioo haijafunguliwa hadi mwisho. Hutokea zaidi baada ya kubadilisha kioo.
2. Tundu la koki limezibwa na magamba ya chokaa.
3. Pete ya mpira imebanwa kupita kiasi ikafunika mdomo wa kioo. Kioo kilichokatwa kifupi hukaribisha kosa hili.

Ukaguzi wenyewe ni wa dakika moja na unafanywa kabla ya kuwasha moto (hapo tazama maji tu, mvuke bado haupo), mvuke ukishapanda, na kila zamu inapobadilika. Fungua koki ya kumwagia chini ya kioo. Funga ya mvuke: maji yatoke kwa nguvu. Ifungue, ufunge ya maji: mvuke utoke kwa nguvu. Fungua zote mbili, funga ya kumwagia: maji yarudi kwa kasi. Yakirudi kwa kujivuta, kuna tundu linaloziba, na treni haibebi mtu hadi lisafishwe. Kama kuna vioo viwili, visome vyote kwenye reli tambarare. Visipokubaliana, usichague kile kinachokufurahisha.

Mlima nao hudanganya. Injini ikipanda huku dohani iko mbele, maji hurudi nyuma na kioo cha kwenye kibanda huonyesha mengi kuliko yaliyopo. Ikivuka kilele na kuanza kushuka, maji hukimbilia mbele na paa la chumba cha moto linaweza kubaki wazi ghafla. Kabla ya kilele, hakikisha una akiba.

SIMAMA HAPA: Maji yasipoonekana kabisa kwenye kioo hata baada ya ukaguzi huo, usiongeze maji. Maji ya baridi juu ya chuma kilichopashwa kupita kiasi ni hatari kubwa. Burna ya mafuta izimwe. Moto wa makaa au kuni ufunikwe kwa majivu yenye unyevunyevu au mchanga na milango ya hewa ifungwe. Abiria waondoke mbali, wafanyakazi pia, na boila iachwe ipoe yenyewe. Haitawashwa tena hadi mkaguzi wa boila aione.

Hayo si maneno ya kutishia watu. Tarehe 16 Juni 1995, paa la chumba cha moto la injini ya treni ya watalii huko Gettysburg, Pennsylvania, lilishindwa kwa kukosa maji, na wafanyakazi watatu kibandani waliungua. Uchunguzi wa NTSB, wakala wa Marekani wa usalama wa usafiri, ulikuta matunzo mabaya ya vioo vya maji na mafunzo hafifu ya wafanyakazi. Hakukuwa na siri yoyote ya kiufundi pale.

Injini nyingi zina plagi yenye kiini cha risasi kwenye paa hilo. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327, mvuke hupenya na kuwaonya walio kibandani. Ukiona inavuja, moto uzimwe papo hapo. Mtu akikupendekezea uibadilishe na bolti ya kawaida ili msimu uishe, mwondoe karakana.

Moto unawaka lakini presha haipandi

Hapa ndipo muda mwingi hupotea, kwa sababu kila mtu anarukia kulaumu makaa. Makaa mabaya yapo, lakini tafuta kwanza haya.

Sababu kuu ni moto wenyewe. Fungua mlango uangalie: una mashimo meusi? Mabonge ya majivu yaliyoyeyuka yameziba chanja? Hewa ikipita shimoni haipiti kwenye makaa. Inaingia baridi na kupoza mirija. Vunja mabonge, sawazisha, kisha lisha kidogo kidogo. Mchochea moto anayetupa makoleo kumi kwa mpigo kisha akakaa kupiga soga anaua moto kwa shibe.

Baada ya moto, maji. Injekta, kifaa cha kuingizia maji boilani, ikifunguliwa muda mrefu wakati treni inapanda, presha lazima ishuke. Jaza boila treni ikiwa stesheni au ikishuka.

Kisha mirija. Masizi ni kizuizi kikali cha joto. Mirija ipigwe brashi boila ikiwa baridi. Wanaochoma mafuta huwa na njia ya kutupa kiasi kidogo cha mchanga mkavu motoni injini ikivuta kwa nguvu, ukapita kwenye mirija ukiisugua. Wingu jeusi linalotoka ni la kutisha, kwa hiyo fanyieni mbali na watu walioanika nguo au wanaopiga picha za harusi.

Kama bado, nenda chumba cha moshi. Mvuke unaotoka silinda hupita kwenye bomba chini ya dohani na kuvuta hewa motoni. Mlango wa mbele usipobana, hewa huingia hapo badala ya kupitia motoni. Washa kipulizo cha mvuke, pitisha mwali wa mshumaa pembezoni mwa mlango. Ukivutwa ndani, umepata tundu. Rangi iliyobabuka sehemu moja ya mlango inasema hivyo hivyo. Halafu angalia kama bomba la mvuke bado linatazama katikati ya dohani. Likiegemea upande hata kidogo, mvuto hupungua sana.

Mwisho kabisa ni magamba ya chokaa upande wa maji, ambayo hayaonekani. Dalili yake ni injini inayotumia makaa mengi zaidi mwezi hadi mwezi kwa safari ile ile. Hiyo ni kazi ya kuosha boila kupitia milango yake midogo, na kubadilisha utaratibu wa dawa za maji.

SIMAMA ukisikia mvuke ukilia ndani ya chumba cha moto, au ukiona maji yakitiririka kwenye miisho ya mirija. Kukaza mirija au kuchomelea chochote kwenye boila ni kazi ya mwenye cheti. Welda hodari wa mageti si fundi wa boila.

Injekta inatema maji chini badala ya kuyaingiza

Injekta haina kinachozunguka ndani. Mvuke unapita kwenye koni kwa kasi, unayanyakua maji ya tangi, nayo yanapata nguvu ya kuingia boilani dhidi ya presha. Kwa kuwa inategemea kasi na ubaridi, inadeka.

Tangi limebaki na maji kidogo, au chujio lake limejaa majani. Cheka, lakini ndiyo jibu mara nyingi. Kisha joto: maji ya tangi yakizidi nyuzi 40 hivi, injekta nyingi huanza kusumbua, hasa tangi likikaa ubavuni mwa boila juani. Gusa mwili wa injekta. Ukiwa wa moto kabla hata ya kuiwasha, vali ya kuzuia maji kurudi haikai sawa na boila inairudishia mvuke. Igonge kidogo kwa mpini wa mbao, kisha mwagia injekta maji ya baridi kwa nje na ujaribu tena.

Ikiendelea, kagua viungo vya bomba la kunyonya. Hewa kidogo tu ikiingia, mkondo unakatika. Baada ya hapo ndipo uzifungue koni. Zilowekwe kwenye asidi hafifu, kama ya limau, hadi magamba yatoke. Usizikwangue kwa waya. Mkwaruzo mdogo unaharibu umbo lililopimwa kwa uangalifu.

Ni lazima injini iwe na njia mbili za kuingiza maji, na zote mbili zifanye kazi kabla ya abiria wa kwanza kupanda. Moja ikifa katikati ya mzunguko, maliza kwa ile nyingine, kisha safari zisimame.

Dohani inarusha maji meusi na pumzi zinakuwa nzito

Boila inatapika: maji yanabebwa pamoja na mvuke hadi silindani, kama maziwa yanayofurika sufuria. Kwa abiria ni mvua ya matope. Kwa injini ni hatari zaidi, maana maji hayabanwi. Pistoni ikikutana nayo mwisho wa mwendo, kinachopasuka ni kifuniko cha silinda au fito (vyuma virefu vinavyounganisha pistoni na magurudumu).

Papo hapo, punguza mkono wa mvuke polepole na ufungue koki za silinda. Chanzo kitafutwe baadaye. Kilicho cha kawaida ni kujaza kupita kiasi. Wengi huogopa hadithi za maji kupungua, wakajaza hadi juu ya kioo. Cha pili ni dereva kufungua mvuke kwa mshtuko. Cha tatu ni maji yenyewe: chumvi zilizoyeyuka huongezeka kila siku kwa kuwa mvuke unaondoka na kuziacha. Boila imwagwe kidogo chini kwa utaratibu, na ipimwe. Mafuta ya kulainishia yakiingia tangini hufanya povu baya. Hapo hakuna njia ya mkato, ni kumwaga yote na kuosha.

Haiondoki, au magurudumu yanazunguka papo hapo

Breki ya mkono. Iangalie kwanza, tafadhali. Halafu mkono wa mwelekeo: ukiwa katikati, vali hazipeleki mvuke wa kutosha. Breki za vakyumu, yaani zinazoachia hewa ikinyonywa bombani, zisipofikia kiwango chake, ambacho kwa mfumo wa Kiingereza ni inchi 21 za zebaki, mabehewa hubaki yameshikwa. Tafuta mpira uliochanika au kiunganishi cha behewa la mwisho ambacho hakikuzibwa.

Magurudumu yakiteleza, funga mvuke kwanza, ndipo umwage mchanga. Mchanga chini ya magurudumu yanayozunguka kwa kasi huyashika ghafla na kupinda fito. Umwagwe reli zote mbili. Kama kuteleza kunatokea sehemu moja tu ya njia, tatizo ni majani mabichi au mashine ya kupaka grisi kwenye kona, si injini.

Kugonga, na pumzi zisizolingana

Sikiliza ukiwa umesimama pembeni mwa njia, si kibandani. Mlio mmoja mzito wa kugonga kwa kila mzunguko kwa kawaida ni beringi kubwa ya fito kuu iliyolika. Mlio wa njuga mwingi ukiwa mvuke umefungwa ni bushi (pete za ndani) za fito za kuunganisha magurudumu. Vyote viwili vinaweza kusubiri jioni ikiwa ni vidogo na havina joto. Mlio wa kugonga uliotokea ghafla hausubiri: pini au nati imelegea.

Pumzi ni somo pana zaidi. Nne zinatakiwa zilingane. Moja ikiwa dhaifu, pete ya vali au pini ya mitambo ya vali imechoka upande huo. Zikiwa mbili kali na mbili hafifu, mpangilio wa vali umehama. Dohani ikitoa mvumo usiokatika treni ikiwa imesimama, breki zimefungwa, magurudumu yamewekwa kabari na mvuke umefunguliwa kidogo, kuna vali au pistoni inayopitisha. Kupanga vali upya ni sanaa. Fundi asiyewahi kuifanya aitafutie mwalimu, kwa kuwa kubahatisha kunaweza kuchukua wiki nzima na kuacha injini mbaya kuliko ilivyokuwa.

Beringi ya ekseli inanuka au inatoa moshi

Kukosa mafuta, maji kuingia kwenye mafuta, mchanga, au breki inayokokota, kwa mpangilio huo. Kila kituo, kagua kwa kipimajoto cha mbali au kwa nyuma ya kiganja bila kukigusisha. Aloi nyeupe ya beringi huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 240, na ikishatiririka hakuna cha kuokoa. Usimwagie maji, utapasua ekseli au sanduku lake. Punguza mwendo hadi stesheni, shusha abiria, iache ipoe.

Honi inakoroma au inatema

Dalili ndogo inayodharauliwa, ilhali watoto huja kwa ajili yake. Maji yamekaa kwenye bomba lake. Ipulize polepole kwanza mahali pasipo na mtu, maana matone yake huunguza. Ikiendelea kutema mchana kutwa, rudi kwenye sehemu ya boila kutapika. Honi iliyo kavu lakini hafifu ina uchafu kwenye mwanya mwembamba unaotoa mvuke, au kikombe chake kimehama na mwanya haukitazami ukingo. Kinyanyue au kishushe robo mzunguko, sikiliza, rudia. Usipanue mwanya kwa faili.

Masizi nguoni, cheche pembezoni

Moshi mweusi mfululizo ni kuni mbichi, makaa yaliyorundikwa, au burna yenye mafuta mengi kuliko hewa. Fungua hewa ya juu ya mlango kidogo baada ya kila kulisha, na uwashe kipulizo kabla ya kufunga mvuke, usije ukarudishiwa moto kibandani. Masizi ya chembechembe yanayoruka hata moshi ukiwa safi yanaonyesha wavu wa cheche umetoboka. Huo ukitoboka, treni haitoki nyasi zikiwa kavu, hata kama foleni imefika langoni.

Behewa linaruka reli au linayumba

Magari mepesi huadhibiwa na reli iliyopindika kuliko mazito. Pima upana wa njia kwenye kona, kisha usawa wa reli mbili kila mita chache. Reli moja ikizama ghafla, gurudumu la behewa tupu huelea. Safisha kokoto kwenye mifereji ya makutano. Mataruma yaliyooza huonekana treni ikipita juu yake, si yakiwa yametulia. Behewa lililoanguka lisirudishwe kwenye safari kabla magurudumu yake hayajapimwa umbali wa ndani kwa ndani.

Vali ya usalama

Ikifunguka mapema, isipofunguka kwenye alama nyekundu ya geji, au ikivuja baada ya kufunga, hakuna ukaguzi wa nyumbani. Usiikaze, usiigonge, usikate lakiri yake. Linganisha geji na geji ya majaribio, basi. Mengine ni ya mkaguzi.

Unapompigia, kuwa na haya mkononi: presha ilikuwa ngapi, maji yalikuwa wapi kwenye vioo vyote viwili, injini ilikuwa inapanda au inashuka, ni lini boila ilioshwa na kupimwa kwa maji mara ya mwisho, na nani alikuwa kibandani. Mpe pia dereva mwenyewe azungumze naye, si meneja. Na usisafishe chochote kabla hajafika. Magamba, masizi na matone uliyotaka kuyafuta ndiyo atakayoyatazama kwanza.